Wagonjwa wa afya ya akili wanataka tiba ila wanakimbia kliniki: tuwapangieje huduma?

TabibuWilayani

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo ya walio kwenye huduma ya afya ya akili, hasa ngazi ya wilaya na vituo vya afya, Bara na Visiwani, na wenzetu wa Kenya.

Kliniki yetu ni siku moja kwa wiki. Chumba kiko mwisho wa korido na juu ya mlango kimeandikwa kwa herufi kubwa KLINIKI YA AFYA YA AKILI. Wanaokuja mara ya kwanza ni wengi, wanaorudi ni wachache, na wanaofika mwezi wa tatu ni wachache zaidi. Tukiwafuatilia kupitia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ni nadra kumkuta aliyekataa tiba kabisa. Tunamkuta anayenunua haloperidoli (dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili) duka la dawa la mbali ambako hajulikani. Yuko anayekunywa kombe (maji yaliyosomewa aya) kwa shehe huku vidonge vyetu kavificha chini ya godoro. Yuko aliye kwenye maombi na ameambiwa dawa aache. Wenye sonona (huzuni nzito isiyoisha) wengi wanasema wako tayari kuja kuzungumza hata kila wiki, ila vidonge hawataki. Na vijana wenye skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) wanaulizia sindano ya mwezi ili nyumbani wasionekane wakimeza dawa.

Maswali yangu:

1. Mgonjwa aulizweje anachopendelea bila kumfanya ahisi anahojiwa, hasa pale ambapo dawa zenyewe stoo ni za aina chache?
2. Sindano ya mwezi ni sawa kumpa mtu kwa sababu tu anaficha ugonjwa?
3. Na waganga na viongozi wa dini tushirikiane mpaka wapi?
4. Tuondoe kibao na kuchanganya wagonjwa hawa na wa OPD (wagonjwa wa nje) ya kawaida?

---

MuuguziAkili

Mleta mada, kabla ya dawa anza na njia anayopita mgonjwa. Tembea mwenyewe kutoka getini mpaka dirisha la dawa, na kila unaposimama jiulize: jirani yake akiwa hapa, atajua huyu kaja kwa ugonjwa gani? Mara nyingi utakuta kibao, benchi la peke yake, namna anavyoitwa jina, jalada la daftari, na siku yenyewe. Mtaa ukishajua kwamba Alhamisi ni siku ya "wale wa Mirembe" (hospitali ya wagonjwa wa akili, Dodoma), basi kila atakayeonekana Alhamisi kwenye korido ile kashapewa jina, hata kama alileta mtoto wa kifafa.

Mambo haya hayahitaji bajeti:

Kibao andika namba ya chumba tu. Wagonjwa waiteni kwa namba za foleni. Daftari la mgonjwa msiliandike jina la kliniki juu ya jalada, maana linalala mezani nyumbani na kila mgeni analisoma. Bahasha ya dawa iwe na jina la mgonjwa, jina la dawa, dozi na muda wa kumeza, basi. Ugonjwa hauhusiki hapo. Sindano ichomwe chumba kile kile cha sindano wanachokwenda wote. Na wanaorudi kuchukua dawa wakiwa wametulia wanaweza kupangwa siku ya presha na kisukari, kwani nao wanachukua dawa za kila mwezi.

Sasa mazungumzo. Mgonjwa mpya mtengee dakika 20, umwone peke yake kwanza, ndugu waingie baadaye. Mkianza na ndugu, mama au kaka ndiye atakayejibu, na mgonjwa atakubali kila kitu ili atoke haraka. Maswali yanayofungua mdomo ni mepesi:

"Wewe mwenyewe unaona hali hii imetokana na nini?"

"Kabla ya kuja hapa umeshapita wapi, na kipi kilikusaidia hata kidogo?" Liulize hivyo hivyo. Ukisema "ulikwenda kwa waganga?" umeshamhukumu, atakana, na hutajua anachanganya nini na dawa zako.

"Nani nyumbani anajua umekuja leo? Nani usingependa ajue?"

"Ni jambo gani katika maisha yako usingependa tiba ilivuruge?" Hapa ndipo penye utajiri wote. Dereva wa bodaboda atakwambia usingizi wa asubuhi. Mwanamume aliyeoa atazunguka kidogo, kisha atataja nguvu za kiume. Msichana atataja unene. Mama atataja kunyonyesha. Mwislamu anayefunga atauliza kuhusu Ramadhani.

Mwisho: "Kwa ugonjwa huu hapa kwetu tuna njia hizi mbili, ya tatu iko hospitali ya rufaa ya mkoa. Kila moja ina faida hii na usumbufu huu. Ungeanza na ipi?"

Majibu yaandike kwenye faili, mahali ambapo mwenzako wa wiki ijayo atayaona. Mgonjwa aliyesema "sitaki dawa ya kunilaza mchana", akapewa klopromazini asubuhi na daktari mwingine, harudi tena, na wala hatakwambia kwa nini.

---

MfamasiaTanga

Nami niingie upande wa dawa, kwa kuwa unyanyapaa mwingi wa mtaani unaanzia kwenye madhara ya dawa kuliko kwenye ugonjwa. Ugonjwa unaweza kutulia, lakini mtu anayetembea amekakamaa, mikono haichezi, mate yanamtoka na uso haucheki, mtaa mzima unasema "huyo si mzima". Mara nyingi anachoonyesha ni dozi kubwa ya haloperidoli.

Kosa la kawaida ni kuanza na vidonge vya 5 mg asubuhi na jioni kwa kila mtu. Mwongozo wa WHO wa vituo vya ngazi ya chini, ule wa mhGAP, unaelekeza kuanza na 1.5 hadi 3 mg kwa siku na kupanda taratibu. Kama mna kidonge cha 5 mg tu, kigawe nusu, apate 2.5 mg usiku. Akiwa na fujo siku za mwanzo, ongeza dawa ya kumtuliza kwa muda mfupi, usikimbilie kupandisha haloperidoli.

Madhara matatu lazima yatajwe kwa mgonjwa na ndugu kabla hajatoka dirishani.

La kwanza ni kukakamaa kwa ghafla: shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unakuwa mzito. Hutokea siku chache za mwanzo, na vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi. Ndugu wakiona wanasema jini limepanda, na anakimbizwa kwa mganga usiku huo huo. Waambieni mapema: hiyo ni dawa, njooni kituoni saa hiyo hiyo, kuna sindano ya kuondoa. Prometazini 25 hadi 50 mg kwenye msuli inatosha kwa wengi.

La pili ni kutotulia. Mtu hawezi kukaa, anasimama, anatembea, anakanyagakanyaga mahali pamoja. Nyumbani wanaona kichaa kimezidi, kliniki nayo inaongeza dozi, na hali inakuwa mbaya zaidi. Muulize: "Ni mawazo yanayokusumbua, au ni miguu haitaki kutulia?" Ikiwa ni miguu, punguza dozi. Propranololi 10 hadi 20 mg inaweza kusaidia, ila si kwa mwenye pumu.

La tatu ni kutetemeka na kuwa mzito. Hapa wengi wanatoa Artane (dawa ya kuondoa madhara hayo) kwa kila mgonjwa tangu siku ya kwanza, jambo ambalo halishauriwi. Itolewe kwa mwenye madhara, 2 hadi 5 mg, asubuhi na mchana kwa kuwa jioni inafukuza usingizi, kisha ipunguzwe. Inakausha mdomo, inafunga choo, inasahaulisha, na mitaani inauzwa kama kilevi. Kijana akikutwa nayo mfukoni anaitwa teja juu ya kuitwa chizi.

Swali lako la sindano. Ndiyo, kuficha ni sababu halali kabisa, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeitaka na ameshamudu dawa za jamii hiyo kwa vidonge. Flufenazini dekanoeti, ile Modecate, ikishaingia huwezi kuitoa. Inakaa mwilini kwa wiki kadhaa, pamoja na madhara yake. Kwa hiyo anza na dozi ya kupima ya 12.5 mg, mwangalie kwa siku kadhaa, ndipo uende 12.5 au 25 mg kila wiki 2 hadi 4. Dawa iko ndani ya mafuta ya ufuta, muulize kama ufuta unamdhuru. Bomba na sindano viwe vikavu, sindano namba 21, ichomwe ndani ya msuli wa kalio, na pasisuguliwe baadaye. Siku za mwanzo bado atahitaji vidonge kidogo kwani sindano inachukua wiki kadhaa kufikia nguvu yake kamili. Mwambie hilo wazi, la sivyo atasema sindano haifanyi kazi.

Upande wa pili wa sindano nao usifichwe. Wapo wanaoiona kama adhabu, hasa waliowahi kushikwa na watu wanne wakachomwa kwa nguvu. Kwa hao hata kuitaja vibaya kunatosha kuwafukuza. Itaje kama njia mojawapo, usiitaje kama dawa ya "wasumbufu".

Mengine kwa haraka. Mwenye ualbino usimpe klopromazini kama kuna mbadala, ngozi inaungua na jua upesi. Kabamazepini (dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia) inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti. Mama ashauriwe sindano ya Depo au kitanzi. Kwa anayetumia dolutegraviri (dawa ya VVU), kabamazepini inaishusha kwenye damu, hivyo dolutegraviri inakuwa 50 mg mara mbili kwa siku au mtafute dawa nyingine. Valproeti, nayo dawa ya kifafa na hisia, usiianze kwa mwanamke anayeweza kubeba mimba. Ramadhani, dawa za mara moja kwa siku zihamie baada ya futari au baada ya daku. Anayetumia litiamu (dawa ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, maana kukosa maji kunaipandisha kwenye damu. Mikono ikitetemeka kwa nguvu, akaharisha na kuyumba, asingoje magharibi: afungue, aache dozi inayofuata na aende hospitali.

---

MkufunziWauguzi

Nakubaliana na waliotangulia isipokuwa swali la nne. Msiwatupe wote OPD. Kule daktari ana dakika mbili tatu kwa mgonjwa, foleni inasukuma mlango, na mtu anayesikia sauti au aliyebeba siri ya kutaka kujiua hatasema kitu mlango uko wazi. Mtaondoa kibao mtapoteza mazungumzo. Bora: mgonjwa mpya na aliyezidiwa aonwe kwenye chumba tulivu chenye mhudumu wa akili, aliyetulia achanganywe na wengine. Na rejista ya wasiofika ibaki moja, mikononi mwa mtu mmoja anayetajwa kwa jina. Huduma ikichanganywa, kinachopotea kwanza ni ufuatiliaji.

Kumbukeni pia kwamba kliniki nyingi za akili ndizo zinazotibu kifafa. Mama wa mtoto wa kifafa anabeba aibu ya pili isiyomhusu.

Jambo la elimu kwa jamii. Mabango mengi yanasema "ni ugonjwa wa ubongo kama magonjwa mengine". Nia ni njema, lakini tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa anayeamini hivyo hupunguza kumlaumu mgonjwa, ila huamini zaidi kwamba hatapona, na hofu ya kukaa karibu naye haipungui. Kinachosaidia zaidi, na tume ya jarida la Lancet ya 2022 kuhusu unyanyapaa ilisisitiza hilo, ni watu kukutana na aliyeugua na sasa anaendelea na maisha yake, akiongea mwenyewe. Mkiandaa elimu ya afya asubuhi kwenye mabenchi, mpeni aliyepona aongee dakika 10, kwa hiari yake, bila kupigwa picha, na alipwe nauli. Msimlazimishe kueleza fujo alizofanya. Aeleze alichotaka, alichosaidiwa, na anachofanya sasa.

Kuna unyanyapaa ulio ndani ya sheria pia. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na katiba. Kwetu Tanzania kosa hilo bado limo kwenye Kanuni ya Adhabu. Ndiyo maana mgonjwa aliyekunywa sumu anasema alikosea chupa. Ukimuuliza kuhusu kujiua, mwambie kwanza kwamba unauliza ili umtibu, na muulize ndugu wakiwa nje. Na kwa mtu wa namna hiyo usimpe amitriptilini (dawa ya sonona) ya mwezi mzima. Vidonge vingi kwa pamoja vinasimamisha moyo. Mpe za wiki moja, au chagua fluoksetini, dawa nyingine ya sonona.

---

MtafitiJamii

Kuhusu waganga na dini, kwanza takwimu moja ya kwetu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa 2003 ulilinganisha watu waliohudhuria kliniki za afya ya msingi na waliohudhuria kwa waganga wa tiba asili. Wenye matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona na wasiwasi, walikuwa 24% kliniki na 48% kwa waganga. Kwa hiyo karibu nusu ya wateja wa mganga ni wagonjwa wako ambao hujawaona. Kumtukana mganga ni kuwafungia mlango hao.

Kwa nini wanaanzia huko? Kwa mganga au kwa shehe familia nzima inakaa, inasikilizwa saa nzima, na maelezo yanayotolewa yanamtoa mgonjwa kwenye lawama: karogwa, kapandwa na majini, kuna ahadi ya ukoo haikutimizwa. Aibu inahamia kwa adui wa nje. Kliniki inampa jina la ugonjwa linalomng'ang'ania yeye mwenyewe maisha yake yote. Mtu anayeogopa mchumba kuvunjika anachagua jini, na ana sababu.

Ushirikiano unawezekana na umepimwa. Nigeria na Ghana, jaribio lililochapishwa 2020 liliwapeleka wahudumu wa afya kwenye makazi ya waganga na vituo vya maombi, wakatoa dawa za saikosisi (kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti) pale pale huku mganga akiendelea na shughuli zake. Baada ya miezi 6 dalili zilikuwa zimepungua zaidi kuliko kwa waliopewa huduma ya kawaida.

Mnapokubaliana na mganga au mchungaji, yasemwe waziwazi mambo haya. Kufunga kwa minyororo, kupiga na kumnyima chakula haviruhusiwi hata siku moja. Dawa ya hospitali haikatizwi bila kumpigia mhudumu simu, na namba mwachie kwenye karatasi. Dawa za kunywa za mitishamba zisimamishwe kwa anayetumia litiamu au kabamazepini, kwa kuwa hatujui zinachofanya kwenye figo na ini. Kufukizwa kusifanyike kwa mwenye pumu. Kombe la maji safi, dua, ruqya (kisomo cha Kiislamu) na kuwekewa mikono viendelee tu. Havigongani na kidonge.

Halafu dalili za hatari, ambazo mganga azijue kwa moyo: homa pamoja na kuchanganyikiwa, shingo ngumu, degedege, kupoteza fahamu, kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla kwa mzee au kwa mama aliyejifungua juzi. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo au maambukizi ya uzazi, na hakuna muda wa kumaliza siku za tiba.

Naye mpeni kitu: mrudishie taarifa ya mgonjwa aliyekuletea, kwa ridhaa ya mgonjwa. Akikuletea watatu bila kusikia neno lolote, wa nne hamleti. Na tafuteni wale waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ni rahisi kuwapata mkiwahitaji.

---

DadaWaUshauri

Nimesubiri mtu ataje wale wenye sonona wanaotaka kuzungumza. Hawa si wakaidi. Uchambuzi wa 2013 uliojumlisha tafiti 34, nyingi za nchi tajiri, ulikuta watu watatu kwa kila wanne wangechagua tiba ya mazungumzo kuliko vidonge. Na kwa sonona ya wastani au nyepesi, mazungumzo yaliyopangwa ni tiba kamili. Tatizo ni kwamba kliniki inajibu "hatuna mwanasaikolojia", na mazungumzo yanaishia hapo.

Zimbabwe walijibu vingine. Kule Harare, kina mama watu wazima ambao ni wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa tiba ya kutatua matatizo, wakakaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kituo, mpango wa Friendship Bench. Ni vikao 6. Matokeo yalichapishwa 2016: baada ya miezi 6, waliobaki na sonona kwa kipimo cha PHQ-9 (dodoso la maswali tisa ya sonona) walikuwa kama 14%, na kwenye huduma ya kawaida kama 50%. Mpango huo ulifika hadi Zanzibar.

Kikao kinakwenda hivi. Pima kwa PHQ-9 ya Kiswahili, ipo na imehakikiwa. Mwachie aeleze yote yanayomlemea, wewe andika orodha. Mwombe achague moja tu, na liwe linalowezekana kuguswa wiki hii: deni la kikoba, si "umaskini". Mtaje pamoja njia zote za kulipunguza, hata zile mbaya, bila kuzikosoa. Achague moja yeye. Kisha ipangwe mpaka ishikike: siku gani, saa ngapi, akaongee na nani, atasema nini, na akikataliwa atafanya nini. Kikao kinachofuata kianze na swali hilo hilo la mpango. Dakika 45 zinatosha.

Wapi panaharibika? Mhudumu anapogeuka kuwa mshauri wa harusini: "vumilia mwanangu, Mungu yupo." Anayesikia hivyo anajua hajasikilizwa. Pili, siri. Mhudumu wa jamii ni jirani. Mgonjwa achague asiyetoka mtaa wake kama anataka. Tatu, PHQ-9 ikiwa 20 au zaidi, au swali la tisa la kujiua likijibiwa ndiyo, usimalize vikao kwanza: aonwe na tabibu siku hiyo.

Na akikubali fluoksetini baadaye, mwambie ukweli wa muda. Kidonge cha 20 mg asubuhi, nafuu inaanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4, wiki ya kwanza anaweza kuhisi kichefuchefu na wasiwasi kidogo. Akishapona aendelee miezi 9 hadi 12. Wengi wanaacha siku ya kumi wakisema dawa ni bandia, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

---

TabibuWilayani

Nashukuru sana wakuu, nachapisha hii kwa timu nzima. Mawili yamebaki. Kwanza, ndugu wanaotuomba dawa ya matone ili waitie kwenye uji bila mgonjwa kujua. Pili, wafanyakazi wanaoogopa ED (karatasi ya daktari ya ruhusa ya kupumzika kazini), wanasema mwajiri akiona jina la ugonjwa kazi imekwisha.

---

MuuguziAkili

Ya uji: usitoe. Hujui kama kamaliza bakuli au kanywa nusu, hivyo dozi huijui. Shingo ikimkakamaa hana habari kwamba kuna dawa, na anayemwona hajui pa kumpeleka. Na siku akigundua, na mara nyingi wanagundua kwa ladha, haachi dawa tu, anaacha kula chakula cha nyumba hiyo. Ukumbuke wengi wao ugonjwa wenyewe tayari unawaambia wanalishwa sumu.

Ndugu wenye ombi hilo wamechoka na wana hofu, usiwakaripie. Waulize kilichowafikisha hapo. Ikiwa ni vurugu za usiku, mpangie aje aonwe, au umfuate nyumbani na mhudumu anayemwamini. Zungumzeni kuhusu jambo linalomsumbua yeye, mara nyingi ni usingizi, na dawa iingie kwa mlango huo lakini kwa jina lake halisi. Ikiwa amefikia hatari kwake au kwa wengine na hakubali, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ina taratibu za kumpokea na kumtibu bila ridhaa. Zifuateni hizo, na kila hatua iandikwe.

---

MkufunziWauguzi

Ya ED: mwajiri anahitaji kujua mambo mawili, kwamba mtu hawezi kufanya kazi tangu tarehe fulani hadi fulani, na kama akirudi anahitaji nafuu gani. Andika: "Amehudhuria kituoni hapa kwa matibabu. Apumzike siku 7. Akirudi, apangwe zamu ya mchana kwa mwezi mmoja." Zamu ya usiku ukiiondoa kwa maneno hayo, hakuna anayejua kama ni presha au ni baipola, na kwa baipola usingizi ndio ulinzi wa kwanza.

Angalia muhuri pia. Ukisema "Idara ya Afya ya Akili" umeshaandika ugonjwa. Tumia muhuri mkuu wa kituo. Barua mpe mgonjwa mwenyewe mkononi, ndani ya bahasha iliyofungwa, aisome kwanza hapo mbele yako. Kama kuna neno hataki liwepo, mliondoe kabla hajaondoka. Ofisi ikipiga simu kuuliza zaidi, jibu ni kwamba maelezo yatatolewa mgonjwa akitoa ridhaa kwa maandishi, na simu hiyo iandikwe kwenye faili pamoja na tarehe na jina la aliyepiga.